Filamu Nazihukumu kwa Masikio

Juma hili jarida limetuuliza wasomaji: kati ya filamu ulizotazama karibuni, ipi ilikukolea, ipi ilikuchosha, na kwa nini? Zilizonikolea ni zile ambazo watu wake wanasikika kama watu. Zilizonichosha karibu zote zimeangushwa na sauti. Siku hizi picha ni safi kila mahali, hata simu ya bei ya wastani inapiga picha ya kutosha kuonyeshwa ukutani. Sauti ndiyo inayopambanua filamu na filamu, na hapa Uganda jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu wengi wetu tunatazama filamu huku mtu mwingine akizungumza juu yake.

Nianze na The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald na kupigwa hapa hapa Uganda. Daktari Garrigan, anayekuwa tabibu wa Idi Amin katika filamu, ni mtu wa kubuni, ametoka katika riwaya ya Giles Foden, kwa hiyo anayeitazama kama somo la historia ataondoka na mambo ambayo hayakutokea. Lakini msikilize Forest Whitaker. Ili amwigize Idi Amin alijifunza Kiswahili na kupiga kodiani, na mwaka 2007 akapewa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Mwaka 1946 Amin aliingia KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo lugha yake ya kambini ilikuwa Kiswahili, na Kiingereza chake kilibaki na mapigo ya kambini maisha yake yote. Whitaker ameyashika mapigo hayo: mahali pa kuvuta pumzi, neno la kukazia, kicheko kinachokatika kabla msikilizaji hajamaliza chake. Anapotisha zaidi ni pale sauti inaposhuka. Waigizaji wengi wanaoigiza madikteta hupiga kelele, na mtazamaji huzizoea kelele baada ya dakika kumi.

Kuna jambo lingine ambalo sisi Waswahili wa Uganda hatuwezi kulipita. Kwa miaka mingi lugha hii hapa ilishikamanishwa na buti na bunduki, na filamu za zama za Amin zinaipa nguvu dhana hiyo, hata zikiwa nzuri. Katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini bado nangoja filamu ya Kampala ambamo mama wa sokoni, kondakta wa matatu na mpenzi wa mtu wanakizungumza bila kuwa askari wala mwizi.

Queen of Katwe ya mwaka 2016 ndiyo iliyonikolea kuliko zote. Mwongozaji wake, Mira Nair, ameishi Kampala miaka mingi, na mwaka 2004 alianzisha hapa Maisha Film Lab, mahali ambapo vijana wa Afrika Mashariki wanafundishwa kuandika na kutengeneza filamu. Mtu anayeishi mahali anajua pana sauti gani. Muziki wa filamu hiyo ni wa Alex Heffes, yule yule aliyetunga wa The Last King of Scotland, na ukizitazama filamu hizo kwa kufuatana utasikia alivyoweza kuutoa mji mmoja mara mbili bila kujirudia. Madina Nalwanga, aliyemwigiza Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe hapa Kampala anayeinukia katika mchezo wa sataranji, hakuwa mwigizaji wa sinema kabla ya hapo. Hilo limeisaidia filamu, maana hana ile tabia ya kungoja mwenzake amalize ndipo avute pumzi na kujibu. Msikilizeni pia mtoto Gloria anapomfundisha Phiona kwamba kete ndogo ikifika ng'ambo ya ubao hugeuka malkia. Anasema kama mtoto anayemweleza mwenzake kanuni za mchezo, bila kulitia uzito, na mzigo wote wa filamu umewekwa juu ya sentensi hiyo nyepesi.

Kasoro yake naisema wazi: watoto wa Katwe wanaongea Kiingereza wao kwa wao kuanzia asubuhi hadi jioni. Filamu ni ya Disney na soko lake kubwa ni Marekani, sababu inaeleweka, lakini anayeijua Katwe anatambua mara moja kwamba Kiganda kimeondolewa mahali pake. Lupita Nyong'o, anayemwigiza mama yake Phiona, anapunguza pengo hilo kwa lafudhi aliyoifanyia kazi, tena kwa kukaa kimya pale ambapo mama wa hapa angekaa kimya. Mwishoni, waigizaji wanasimama kando ya watu halisi waliowaigiza. Msizime kabla ya hapo.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi, yaani VJ. Kwa msomaji wa mbali: katika vibanda vya video vya Uganda, filamu ya kigeni haiachwi ijisemee. Mtafsiri anashika maiki, anaishusha sauti ya filamu kwa miksa, yaani kifaa cha kuchanganya sauti, kila anapotaka kusema, na kwa Kiganda anatafsiri, anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yanauza filamu kuliko waigizaji wake. Kenya wana DJ Afro kwa Kiswahili, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Wapo wanaoidharau kazi hii. Mimi naiheshimu, ni ufundi kamili, na una makosa yake yanayotambulika.

Kosa la kwanza ni kuua ukimya. Chukua filamu yoyote ya kutisha: mlango unafunguliwa, muziki unakatika, zinapita sekunde mbili au tatu bila kitu chochote kusikika. Mhariri ameziweka sekunde hizo makusudi ili moyo ukae kooni. VJ asiyejiamini anazijaza maneno, na kishindo kinachofuata hakimshtui mtu. VJ stadi anaachia kitelezi cha miksa kabla ya tukio, sauti ya filamu inapanda, naye anarudi baada ya ukumbi kupiga mayowe. Kosa la pili ni kutoboa siri. Anayeijua filamu anashawishika kusema "huyu ndiye muuaji" dakika ishirini kabla ya wakati. Kosa la tatu ni la vyombo na wala si la VJ: sabufa ya kibanda imefunguliwa mpaka mwisho, besi inavimba chini ya paa la mabati na kuyafunika maneno, kwa sababu kinachotusaidia kutofautisha neno na neno ni herufi kama s, f, t na k, ambazo ziko juu kabisa kwenye sauti. Kupunguza besi kidogo na kupandisha trebo kunamrudisha VJ mzima bila kuongeza sauti hata kidogo.

Hatari kubwa ni ya kudumu. Sauti ya VJ ikishachanganywa na ya filamu na kutolewa kama faili moja, hazitenganishiki vizuri tena. Ushahidi tunao nyumbani. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, ilitengenezwa kwa bajeti ambayo wenyewe waliitaja kuwa chini ya dola 200 za Marekani, kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Nafasi kwenye kompyuta ilipokwisha, faili la asili lilifutwa ili kazi inayofuata ipate pa kukaa. Nakala iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Filamu ikapendwa ulimwenguni kote, na sehemu ya mapenzi hayo ni Emmie mwenyewe, anavyoshangilia, anavyowasifu makomando na kumtisha mtazamaji kwa furaha. Naipenda hivyo ilivyo. Hata hivyo, mtayarishaji wa leo hana sababu ya kulirudia hilo: ahifadhi picha peke yake, mazungumzo peke yake, muziki peke yake na milio peke yake, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti.

The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, filamu ya kwanza ya Uganda kuingia Netflix, inafaa kutazamwa usiku na vifaa vya masikioni. Hadithi yake haiendi mbele moja kwa moja, inarudi nyuma na kugeuka, na ukikosa maneno machache unapotea. Rangi na uhariri wake ni wa mtu anayejua anachotaka. Bobi Wine: The People's President, filamu ya matukio halisi kuhusu mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2024, ni ya namna nyingine: pale sauti mbaya inakubalika, kwa sababu kamera iko katikati ya msukosuko na mtazamaji anajua kwamba hakuna aliyeweza kusema "rudia". Filamu ya matukio halisi ina ruhusa hiyo. Tamthilia haina.

Kabla ya kuilaumu filamu, kagueni runinga. Filamu nyingi zina njia sita za sauti, na mazungumzo yamewekwa karibu yote katika njia ya katikati. Runinga ya spika mbili, au kicheza faili kisichojua kuzichanganya njia hizo, kinatoa muziki na milipuko kwa nguvu huku watu wakinong'ona. Ndiyo maana mnapandisha kwa rimoti wakati wa mazungumzo na kushusha bunduki zinapolia. Ingieni kwenye mpangilio wa sauti, chagueni stereo au PCM badala ya mfumo wa spika nyingi, na zimeni madoido yanayodai kuifanya runinga iwe sinema. Spika za runinga nyembamba nyingi zinatazama chini au nyuma, kwa hiyo kuisogeza isigusane na pazia kunasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Na kwa vijana wanaotengeneza filamu Kampala, Jinja, Mbale na kwingineko, naomba mnisikilize hapa. Filamu nyingi za nyumbani zilizonichosha zimenaswa kwa maiki iliyo juu ya kamera, mita tatu kutoka kwa mwigizaji. Nje, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Ndani ya chumba cha kuta tupu, kinachojaza nafasi hiyo ni mwangwi. Maiki ya kubana kwenye kola, au maiki inayoshikiliwa kwa mti mrefu ikiwa juu ya kichwa nje kidogo ya picha, nusu mita hivi kutoka mdomoni, inashinda kamera ya mamilioni ya shilingi. Pimeni mpaka kilele cha sauti kicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo ukomo wa kifaa. Ikigusa sifuri inapasuka, na mpasuko hauponi. Tandikeni mablanketi sakafuni na kwenye ukuta ulio nyuma ya kamera. Zimeni jokofu, pelekeni jenereta nyuma ya nyumba nyingine.

Mvua juu ya mabati ingojeni iishe. Mlio wake umetapakaa katika sehemu zile zile ambazo maneno yanakaa, na programu ya kuusafisha itang'oa na maneno. Bodaboda ikipita katikati ya sentensi, rudieni sentensi nzima, maana mkija kukata na kuunga, muungurumo utakatika ghafla na sikio litagundua hata kama jicho halikuona. Kila mnapomaliza sehemu, wote wanyamaze, naseni sekunde 30 za chumba kitupu. Ukimya huo ndio mhariri atakaoutandaza chini ya mahali vipande vinapoungana. Mkinasa sauti kwa kifaa cha pembeni, pigeni kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili picha na sauti zipate pa kukutana. Tena jihadharini na simu: nyingi hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde zenyewe, na baada ya dakika kadhaa midomo inaachana na maneno. Programu inayofunga idadi hiyo kwenye 25 au 24 inaliondoa tatizo.

Muziki wa mfululizo ndio uliobaki. Kinanda kinachoanza dakika ya kwanza na kulia chini ya kila neno mpaka mwisho, kwa kawaida kimewekwa ili kufunika sauti mbovu, na mtazamaji anachoka bila kujua kilichomchosha. Kiondoeni kwenye nusu ya filamu, na nusu inayobaki itaanza kufanya kazi.

Ombi langu kwa jarida ni moja. Ukurasa wenu wa filamu unataja mwongozaji na waigizaji wakuu. Ongezeni mstari wa aliyenasa sauti na aliyeichanganya, na filamu ikiwa imetafsiriwa, jina la VJ na lugha aliyotumia. Msomaji atajua anakwenda kusikiliza nini.