Anachohitaji ni godoro na geti lililofungwa

Mliuliza wiki hii: "Mbwa wa mbio anaweza kukaa na familia yenye watoto bila uwanja mkubwa wa kukimbia?" Anaweza. Sisi tuna greihaundi jike aliyetufikia akiwa na miaka mitatu, ameshastaafu mashindano, na sasa ametimiza tisa. Tulimpa jina la Mshale. Hazikupita wiki mbili mume wangu akasema bora tungemwita Mto, na hakumaanisha mto wa maji.

Hofu ya uwanja ndiyo inayowapoteza watu. Mbwa hawa wameumbwa kwa mbio fupi. Greihaundi akichanganya miguu hukaribia kilomita 70 kwa saa, na katika kila mzunguko wa hatua zake miguu yote minne huwa hewani mara mbili, lakini mbio zenyewe si za kudumu. Baada ya hapo ni usingizi. Mshale hulala saa 16 hadi 18 kwa siku, wala haumwi. Tunamtembeza asubuhi na jioni, nusu saa nusu saa, na mara moja kwa wiki tunampeleka mahali palipozungushiwa uzio akimbie raundi tatu nne mpaka aridhike. Ndugu yangu ana mbwa mchungaji; huyo ndiye anayehitaji uwanja, tena na kazi ya kufanya.

Shughuli yetu iko getini. Jamii hii yote, greihaundi, saluki, wipeti na wenzao, huwinda kwa macho kuliko kwa pua. Kitu kikitikisika kule mbali, yeye ameshakiona, wewe bado unatafuta funguo. Akishafyatuka hasikii tena, hata jina lake. Mwaka wa pili mpwa wangu aliliacha geti wazi kidogo, upepo ukapeperusha mfuko wa plastiki barabarani. Mfuko tu! Tulimpata baada ya dakika 40, amesimama anahema, ubavu umechanwa na waya kama karatasi. Ngozi yao ni nyembamba na chini yake mafuta ni haba, kwa hiyo kinachomkwaruza mbwa mwingine, yeye kinampasua. Tangu siku hiyo hafunguliwi kamba popote pasipo na uzio, hata awe mtiifu vipi.

Na jeraha hilo ndilo lililonifundisha jambo ambalo kila mwenye nia ya kumchukua mbwa huyu angelijua kwanza. Kabla ya kumshona walimpima damu. Daktari kijana akakunja uso: chembe nyekundu zilikuwa asilimia 61 ya damu, akasema mbwa amekaukiwa maji vibaya. Kwa bahati mwenzake mwenye umri alikuwa chumba cha pili. Akamweleza kwamba damu ya greihaundi ndivyo ilivyo, imejaa chembe za kubebea oksijeni, wakati mbwa wengi wa aina nyingine huishia kwenye 55 hivi. Homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, nayo kwao huwa chini kimaumbile, na wapo wanaomezeshwa vidonge miaka kwa ugonjwa wasiokuwa nao. Mzee yuleyule akazuia sindano ya thiopentali, dawa ya nusukaputi. Ini la greihaundi huivunja dawa hiyo polepole, na kwa kuwa mwili hauna mafuta ya kuipokea, dawa hubaki kwenye damu na mbwa huchelewa mno kuzinduka. Nusukaputi za aina nyingine zinazowafaa zipo. Muulize daktari wako mapema kama anayajua haya, usingoje siku umembeba mbwa anayevuja damu.

Mengine ni madogo. Kichwa chao ni chembamba kuliko shingo, kwa hiyo kola ya kawaida huchomoka mbwa akirudi kinyumenyume. Nunua ile pana inayojikaza kiasi anapovuta. Sakafu tupu huwaotesha sugu viwikoni, mpe godoro nene. Baridi wanaihisi haraka, mvalishe. Mbavu mbili tatu za nyuma zikionekana ndiyo afya yenyewe, ingawa wageni watakutazama kama mtu anayemnyima mbwa chakula. (Mmoja aliniuliza mbele ya watoto kama tuna shida ya pesa.)

Tukija kwa watoto, ni mbwa mpole, habweki ovyo, harukii watu. Tahadhari ni moja. Wengi wao hulala macho nusu wazi, ukadhani yuko macho. Waliokulia kwenye vibanda vya peke yao hawakuzoea kuguswa usingizini, hivyo wakishtuliwa wanaweza kubwakia kabla ya kujua ni nani. Kwetu "usimwamshe aliyelala" si methali tena, ni sheria ya nyumba: mtoto humwita jina kwanza, akasubiri ainue kichwa. Mara moja alimngurumia mwanangu aliyemwangukia akicheza. Hatukumkaripia mbwa, tulilihamisha godoro likaondoka njiani.

Paka wetu wanaelewana naye, lakini ndani tu. Paka yuleyule akikatiza uani mbio, huwa windo, kwa hiyo hatuwaachi nje pamoja. Sungura nisingejaribu kabisa.

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye stuli. Kochi lina mwenyewe, amelala chali, miguu minne juu.