Mama wa maombi naye huumwa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, ni kiongozi wa kikundi cha maombi katika usharika wetu wa Kilutheri. Tangu mwaka jana nasumbuliwa na sonona, na hospitali wamenipa dawa za kumeza kila siku. Nazificha kwenye mkoba. Hata mume wangu anadhani ni za presha. Kila Alhamisi nawaombea wagonjwa, nikirudi nyumbani nalia. Kuna usiku natamani nisiamke. Nikisema, watasema mama wa maombi ana pepo, au imani yangu ilikuwa maigizo. Nijiuzulu kimyakimya, nihame kanisa?*
*Mama wa Maombi*

Marahaba mwanangu. Kabla ya habari za kanisa, nianze na huo usiku unaotamani usiamke. Daktari wako anajua? Kama hukumwambia, usingoje tarehe ya kliniki, nenda kesho asubuhi. Na leo, kabla hujalala, mwambie mumeo zile dawa ni za nini. Mawazo hayo yakikuzidi usiku wa manane, mwamshe akupeleke hospitali saa hiyohiyo. Dawa usiziache kwa uamuzi wako, hata atokee mhubiri wa kukuambia kwamba kuzitupa ndiyo imani.

Sasa tuje kanisani. Tumezoea ushuhuda wa waliokwisha kuvuka. Mtu anasimama, anasema nilikuwa naumwa, Bwana amenigusa, na vigelegele vinapigwa. Aliye katikati ya ugonjwa hapewi kipaza sauti. Mwaka baada ya mwaka tunasikia mwisho wa habari tu, na kila anayeteseka anajiona yuko peke yake. Siamini kwamba uko peke yako. Katika hao unaowaombea Alhamisi, sitashangaa akiwamo mwingine mwenye vidonge mkobani, anayekutazama na kujiambia, "Laiti ningekuwa na nguvu kama mama huyu."

Fungua Yakobo 5:14: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Angalia anayeita ni nani. Ni mgonjwa mwenyewe. Wala Yakobo hakuweka sharti kwamba viongozi wa maombi hawahusiki.

Unaogopa kudharauliwa. Paulo alikuwa na hofu ya kweli ya namna hiyo, kwa sababu Korintho walikuwapo watu waliosema wazi kwamba akiwapo mwenyewe ni dhaifu na maneno yake si kitu. Mtu mwingine angejibu kwa kuorodhesha ushindi wake. Yeye akawaandikia watu walewale kwamba ana mwiba mwilini, kwamba alimsihi Bwana mara tatu umtoke, na haukutoka. Jibu alilopewa unalijua kwa moyo, umewasomea wengine: "Neema yangu yakutosha." Lakini kuna jambo jingine katika barua ile ambalo nataka ulishike. Mwiba wenyewe ulikuwa nini, hakusema. Wasomaji wa Biblia wamekisia karne na karne, na hakuna ajuaye kwa hakika. Alikiri udhaifu wake bila kukabidhi watu kila kitu chake. Nawe una ruhusa hiyo.

Wazee wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Wakristo ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya, kukiri waziwazi mbele ya wenzao waliita "kutembea nuruni". Mwenye cheo na asiye nacho waliketi pamoja, wakaambiana yaliyowalemea. Nawaheshimu mno kwa hilo. Ila palikuwa na mahali watu walisukumwa kuanika kila kitu hadharani, na aliyesita akaonekana hajaokoka. Mzigo huo sikutwishi. Tena wao walikuwa wakiungama dhambi. Sonona ni ugonjwa, usiende kuutubu.

Kwa hiyo usihame. Huko utakakohamia utaficha vidonge vilevile. Badala yake chagua watu wawili au watatu. Gethsemane Yesu alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, lakini aliwachukua watatu, "akaanza kuhuzunika na kusononeka," akawaambia wakeshe naye. Walilala, ndiyo. Nakuambia hilo mapema kwa sababu hata uliowachagua vizuri watakosea maneno. Mmoja atakuambia ufunge siku tatu. Msamehe, kisha mweleze unachohitaji.

Katika kuchagua, mkumbuke yule aliyewahi kukueleza jambo lake zito, na mambo ya wengine hujawahi kuyasikia kinywani mwake. Anayekuletea siri za watu kwa jina la "tumwombee fulani" mkwepe, hata kama ni mwombaji hodari. Mama mchungaji akiwa mtu wa kutunza neno, anza naye. Mwambie hivi: "Mama, natibiwa sonona tangu mwaka jana. Naendelea na dawa. Sitaki lifike kwa wengine bado. Nahitaji mtu wa kunisindikiza kliniki na wa kuniombea." Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza.

Uongozi usiujiuzulu kwa aibu. Omba mapumziko ya miezi kadhaa, msaidizi wako ashike Alhamisi, nawe uje ukae kwenye viti na kuombewa kama wengine. Najua hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa kuwa wewe umezoea kusimama. Kikundi kikiuliza, sema unaumwa, unatibiwa na unahitaji maombi yao. Jina la ugonjwa utalitaja siku utakayotaka, au usilitaje kabisa.

Akitokea wa kusema una pepo, usibishane naye. Mwachie mchungaji amjibu, hiyo ni kazi yake, na ndiyo maana nataka ajue kabla yao.

Ukishaonana na daktari na kuzungumza na mumeo, niandikie tena. Nakuombea kwa jina unalojua wewe na mimi.

Shangazi