Barua kwa mwanangu: umeniuliza kwa nini nimerudi Raskazone, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sauti uliyotuma WhatsApp nimeisikiliza, mama yako kaisikiliza, kisha jirani naye kaja kuisikiliza bila kuitwa. Umeuliza: "Baba, Brighton bahari ipo, tena umeogelea humo mpaka wazungu wakakuzoea. Sasa Tanga umefuata bahari gani ambayo huku haipo?" Nakuandikia, maana kwenye simu utanikatiza.

Kwanza niipe bahari ya huko haki yake. Pale Brighton, Uingereza, kuna chama cha waogeleaji tangu 1860, na wazee wa pwani ile ndio walionifundisha maji ya baridi nilipofika sijui kitu. Februari maji yanashuka mpaka nyuzi 7 au 8. Ukiingia, kifua kinabana na pumzi inakuja kwa mikupuo, na hapo ndipo watu wanapozama, hata anayejua kuogelea. Walinionyesha nisipapatike: nitulie maji ya kifuani, au nijilaze chali, dakika mbili tatu mpaka pumzi irudi, ndipo nianze kupiga mikono. Hiyo ni elimu, nawashukuru mpaka leo. Ila ile tabia ya kuifanya baridi ibada, mtu anatoka majini midomo imegeuka zambarau na bado anajisifu, sikuipenda hata siku moja. Mimi niliogelea kwenye baridi kwa sababu bahari niliyokuwa nayo ilikuwa ya baridi. Basi.

Sasa swali lako. Umewahi kuzamisha kichwa pale Brighton ukasikiliza? Utasikia mawe. Kila wimbi likirudi linakokota kokoto, pwani nzima inanguruma. Raskazone, ukisogea penye matumbawe, kuna mchacharito mdogo mdogo usiokatika, kama mafuta kikaangoni. Ni vijikamba vinafyatua magando yao huko chini. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mjomba alinilaza chali juu ya kiganja chake, akaniambia, "Masikio yaingie, shingo ilegee, tumbo juu." Nilikuwa nimemshika mkono kwa kucha. Masikio yalipoingia nikaanza kusikiliza ile sauti, nikashughulika nayo, na kiganja kilipoondoka mimi sina habari. Naona mjomba alijua. Alikuwa mtu wa matishari, hakusema maneno mengi.

Matishari huyajui. Wakati ule kina cha bandari yetu kilikuwa kifupi, meli zilizokuja kubeba mkonge zinatia nanga nje, mzigo unapelekwa kwa tishari. Sisi watoto hatukukatazwa bahari, tulikatazwa kuvuka njia ya meli kwenda kisiwa cha Toten. Siku hizi lango limechimbwa mpaka mita 13, meli zinafunga gatini, na hilo katazo limezidi kuwa na maana.

Brighton kabla ya kuingia nilikuwa natazama jedwali la maji. Hapa natazama mwezi. Ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanajaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakupwa saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: kujaa ni saa nne na kupwa ni saa kumi. Hayo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayapandi sana. Bamvua kubwa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Asubuhi wanawake wanachokoa pweza mahali fulani, miguu haijalowa magoti. Alasiri ile ile, nikishasali, naelea juu ya mahali hapo hapo na chini sigusi. Najua wapi pana jiwe, wapi pana majani, wapi mkondo unakushika kiunoni kabla hujauona. Sijaisoma popote. Huko kwenu niliogelea nusu ya umri wangu na bado nikiwa majini nilikuwa mgeni mwenye adabu.

Usidhani nimerudi peponi. Kuna miaka nilikuwa nikija likizo, kichwa kipo majini, nasikia "dufu!" kifuani. Baruti. Mvuvi mwenyewe humwoni, lakini sauti majini inakwenda zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, inakufikia kama yuko ubavuni. Siku hizi imepungua sana, alhamdulillah. Lakini mahali palipolipuliwa matumbawe ni vifusi, na ule mchacharito ni hafifu mno. Mama yako anasema mambo haya nisiwasimulie watoto. Mimi nasema wasimuliwe.

Na hapo nakuja kwa wajukuu zangu. Wa kiume umesema anaogelea kwenye bwawa la shule, wa kike bado "anaogopa kidogo". Hicho kidogo ndicho kinachonikera. Sisi watu wa pwani tuna kasoro hiyo: tunaishi kwa bahari, watoto wa kiume wanajifunza wenyewe kwa kuzamishana, wa kike wanaambiwa wakae na nguo. Bibi yako aliuza samaki maisha yake yote na hakuwahi kuelea. Mlete Salma. Avae anachotaka kuvaa, kiganja ninacho.

Njooni mwisho wa Desemba, mvua za vuli zikiwa zimepita na kaskazi haijachafuka. Kabla hujakata tiketi tazama kalenda ya Kiislamu: kwa mtoto anayeanza nataka maji mafu, mwezi ukiwa na siku saba au nane tangu kuandama, tuingie asubuhi maji yakiwa yamejaa na hayana papara. Walete na viatu vya mpira vya majini, kwa ajili ya wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi. Na uanze kuwazoesha huko huko kutembea majini kwa kukokota miguu, wasiinue na kukanyaga, maana samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na ukimgusa ubavuni atakimbia, ukimkanyaga atakuchoma.

Mama yako anauliza kama wanakula bada siku hizi au aagize mchele.

Baba yako