Maswali yenu kuhusu mayai: ya kienyeji, ya kisasa, ya mjamzito na ya mtoto wa miezi saba

Maswali ya mayai yamekuwa mengi, kwa hiyo leo nimeyapa nafasi yote. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Watoto wangu watatu nawanunulia mayai ya kienyeji tu, maana nimeambiwa ya kisasa hayana virutubisho. Bei sasa imenishinda. Nikihamia ya kisasa si nitakuwa nawapunja? – Mama, Mbagala

Hutawapunja, dada yangu. Yai moja kubwa lina takribani kalori 70, protini gramu 6 na mafuta gramu 5, kuku awe analala juu ya mwembe au bandani Kibaha. Lina vitamini A, D na B12, lina madini ya seleniamu, na lina kolini, kirutubisho ambacho ubongo wa mtoto unakihitaji sana na ambacho ugali, wali na mihogo havina cha kutosha. Hayo utayapata kwenye yai la kienyeji na la kisasa pia.

Tofauti iliyopo inatokana na alichokula kuku. Anayezurura akidonoa majani mabichi na wadudu hutaga yai lenye kiini cha njano iliyokolea. Wa bandani akilishwa mahindi meupe na pumba, kiini hupauka. Akiongezewa mahindi ya njano au majani, rangi hurudi bila kuku kubadilika. Viambata vinavyoleta rangi hiyo vina faida kwa macho, sikatai, lakini protini haionekani kwa rangi. Rangi ya ganda nayo, nyeupe au kahawia, inategemea aina ya kuku tu.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa kienyeji hawalisemi. Kuku wa kijijini hutaga yai moja moja, pengine kichakani. Mayai yanakusanywa nyumba hadi nyumba, yanasubiri trei zijae, kisha yanapanda basi kutoka Singida au Dodoma. Hadi yafike Mbagala yanaweza kuwa na wiki kadhaa. Tena kuku huyo anaishi na jogoo, kwa hiyo mengi yamerutubishwa, na kwa joto la Dar es Salaam kiinitete kinaweza kuanza kukua humo humo dukani. Yai la kisasa lililotagwa juzi ni bora kuliko la kienyeji la wiki tatu. Nunua la kisasa, na pesa inayobaki uwaongezee watoto yai jingine. Mtoto anayekula yai la kisasa mara nne kwa wiki amepata kingi kuliko anayeonja la kienyeji Jumapili.

Muuza duka hakubali nitumbukize mayai yake kwenye maji. Nitajuaje kama ni mazuri kabla ya kulipa? – Msomaji, Tabata

Anza na duka lenyewe kabla ya yai. Trei zikipangwa barazani zinapigwa jua tangu asubuhi, pita. Joto ndilo adui mkubwa: siku moja kwenye joto hulizeesha yai kuliko siku kadhaa kwenye jokofu. Nunua panapouza haraka, na uliza bila aibu, "Mzigo umeingia lini?" Muuzaji anayejua biashara yake atakujibu.

Kisha shika yai. Ganda liwe zima, lisiwe na ufa wala kinyesi. Ganda la yai jipya huwa limefifia, kama limepakwa chokaa nyembamba. Linalong'aa sana mara nyingi limezeeka au limeoshwa. Litikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinachezacheza ndani, liache. Simu yako ikiwa na tochi, weka yai juu ya mwanga, upande butu ukiwa juu: utaona nafasi ya hewa. Ikiwa ndogo, yai ni jipya. Ikiwa imechukua sehemu kubwa ya yai, limekaa sana. Hiyo nafasi hukua kwa sababu ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana, na kila siku maji kidogo hutoka humo na hewa huingia.

Ndiyo sababu jaribio la maji hufanya kazi, na nyumbani hakuna wa kukukataza. Yai jipya hulala ubavu chini ya bakuli. Lililokaa kaa husimama wima. Linaloelea limezeeka mno. Si lazima liwe viza, lakini mimi silipiki. Na hata yaliyofaulu, pasua moja moja kwenye kikombe kabla ya kumimina kikaangoni. Kiini cha yai jipya huinuka na ute mzito hukizunguka. La zamani hutawanyika kama maji. Zile nyuzi nyeupe kandokando ya kiini, ambazo wengi huzitoa kwa kuchukia, ni kamba zinazokishika kiini katikati, na zikionekana vizuri ni dalili kwamba yai ni jipya.

Mayai ya nyufa yanayouzwa kwa bei ya chini waachie wengine. Ufa ni mlango wa bakteria.

Shikamoo. Baba ana miaka 64, ana kisukari na presha. Ameacha mayai kabisa kwa kuogopa lehemu, na sasa kifungua kinywa chake ni chai na mandazi matatu. Yuko sahihi? – Binti yake, Moshi

Marahaba, binti. Hofu ya baba ina historia. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasizidishe mayai matatu kwa wiki, kwa sababu kiini kimoja kina lehemu karibu miligramu 190. Ushauri huo ukaenea dunia nzima. Baadaye ilionekana kwamba kwa watu wengi lehemu inayoliwa huongeza kidogo tu lehemu ya kwenye damu, kwani ini lenyewe hutengeneza sehemu kubwa na hupunguza kazi mtu akila zaidi. Kinachopandisha lehemu mbaya zaidi ni mafuta ya aina ya samli, mafuta ya nyama na yale yanayoganda. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 ukaondoa kile kikomo cha miligramu 300 za lehemu kwa siku.

Kwa mtu mzima mwenye afya, yai moja kwa siku halina shida. Kwa mwenye kisukari matokeo ya tafiti hayajakubaliana, kwa hiyo sitamwambia baba yako ale trei. Mayai matatu au manne kwa wiki, ya kuchemsha, kwa ushauri wa daktari anayejua vipimo vyake, ni mpango wa busara. Lakini yale mandazi matatu ya unga mweupe, sukari na mafuta ya kukaangia ndiyo yanayonitisha. Mwambie abadilishane: yai moja na kiazi kitamu kidogo, mchicha pembeni, chai isiyo na sukari.

Wengine mmeniuliza kuhusu zege, yaani chipsi mayai. Yai lililomo kwenye zege halina kosa. Tatizo ni chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyochemka tangu jana, na chumvi.

Nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe amenikataza mayai, anasema mtoto atazaliwa hana nywele. – Mjamzito, Tabora

Mtoto hatazaliwa kipara kwa sababu ya yai. Nywele ni urithi.

Nadhani mwiko huu, ambao uko katika jamii nyingi zetu, ulizaliwa na uhaba: yai ni kuku wa kesho, na likipatikana la kula liliwekwa kwa ajili ya baba au mgeni. Aliyehitaji kuliko wote, mwanamke mwenye mimba, akawa wa kwanza kunyimwa. Jambo hili linaniuma kila ninapokutana nalo. Mjamzito anahitaji takribani miligramu 450 za kolini kwa siku kwa ajili ya ubongo wa mtoto, na yai moja kubwa lina karibu 147. Mayai mawili yanakufikisha kama theluthi mbili ya njia. Yaive hadi kiini kigande, maana sumu ya chakula ni hatari zaidi kwako sasa.

Usigombane na mama mkwe. Mwombe akusindikize kliniki siku moja, na umwombe muuguzi alieleze jambo hili mbele yenu wote wawili. Likitoka kwa muuguzi halitaonekana kiburi cha mkamwana.

Mtoto wangu ana miezi saba. Nimpe kiini tu, au yai zima? – Mama mpya, Morogoro

Zima, mpenzi. Zamani tulishauri kusubiri na ute kwa kuogopa mzio. Sasa ushauri ni kuanza na yai lililoiva vizuri tangu mtoto anapoanza vyakula vya nyongeza akiwa na miezi sita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, mayai yakiwemo. Lisage kwenye viazi au uji. Siku ya kwanza mpe kijiko kidogo, asubuhi, ili uwe macho kama ana mzio. Akitoka vipele, akivimba midomo au akitapika, acha umwone mhudumu wa afya. Akipumua kwa shida, kimbia hospitali. Mtoto mwenye mzio mkali wa mayai, mtaje kabla ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa hutengenezwa kwa kutumia mayai.

Je, yai linazuia udumavu? Swali ni zito, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Huko Ecuador, watoto walioanza wakiwa na miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha udumavu ulipungua kwa asilimia 47. Watu walifurahi. Utafiti kama huo ukarudiwa Malawi, wilaya ya Mangochi, na matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha watoto kurefuka kuliko wenzao. Tofauti mojawapo ni kwamba familia za Mangochi, kando ya ziwa, zilikuwa tayari zinawapa watoto samaki kwa wingi. Mimi nasoma hivi: yai humwinua zaidi mtoto ambaye sahani yake haina kitoweo. Kama mwanao anakula dagaa kila siku, yai ni nyongeza nzuri. Kama anaishi kwa uji mtupu, yai analihitaji haraka.

Nabeba vyuma. Kila asubuhi nakunywa mayai matano mabichi ili nijenge misuli. – Kijana, Mwanza

Yachemshe, mdogo wangu. Utafiti uliofanyika Ubelgiji mwaka 1998 ulipima na kukuta mwili unameng'enya asilimia 91 ya protini ya yai lililopikwa, lakini asilimia 51 tu ya yai bichi. Unapoteza karibu nusu ya pesa yako. Ute mbichi pia unashikilia biotini, mojawapo ya vitamini B, isifyonzwe. Na bakteria wa salmonela wanaweza kuwa ndani ya yai lenye ganda safi kabisa. Siku tatu za kuhara zitaondoa uzito uliohangaika kuupata.

Doa la damu kwenye kiini lina maana kuna kifaranga? – Msomaji, Temeke

Hapana. Ni mshipa mdogo uliopasuka ndani ya kuku wakati yai linatengenezwa. Liondoe kwa ncha ya kisu, upike.

Nikinunua trei nzima, niyaoshe kwanza ndiyo niweke kwenye friji? – Mama lishe, Buguruni

Usiyaoshe ndipo uyaweke. Ganda limezungukwa na utando mwembamba wa asili unaoziba vile vitundu. Ukiosha unautoa, na maji machafu yanavutwa ndani. Lenye uchafu lifute kwa kitambaa kikavu. Ukilazimika kuosha, fanya hivyo dakika ile unapotaka kupika. Yaweke ncha ikiwa chini, mbali na nyama mbichi, na yakishaingia kwenye friji yasitoke na kurudi. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kuyashika.

Kwa wateja wako wa mayai ya kuchemsha: ule mduara wa kijani kuzunguka kiini hauna madhara, unatokea yai likichemka mno. Dakika kumi baada ya maji kutokota zinatosha. Usiyamenye yote asubuhi. Menya mteja anapofika, na kachumbari iwe na kifuniko.

Nina kuku 300 wa mayai. Wakiugua nawapa dawa, na daktari wa mifugo ananiambia nisiuze mayai kwa siku kadhaa. Kwa kweli hasara ni kubwa. Kuna ubaya gani? – Mfugaji, Pwani

Nakushukuru kwa kuuliza waziwazi, kaka. Kiini kinakua ndani ya kuku kwa takribani siku kumi kabla ya kutagwa, na dawa inayozunguka kwenye damu inaingia humo. Ukiacha kutoa dawa leo, mayai ya kesho na keshokutwa bado yanayo. Kuchemsha hakuiondoi yote. Anayelila ni mtoto niliyemshauri mama yake hapo juu ampe yai kila siku, na mabaki ya antibiotiki yanasaidia kuzalisha vimelea sugu ambavyo siku mtoto huyo akiugua, dawa haitavishinda.

Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye karatasi ya dawa. Dawa nyingine hazitakiwi kabisa kwa kuku wanaotaga, nyingine zina muda mfupi. Mwombe daktari akuchagulie kwa kuzingatia hilo kabla hajaandika. Andika tarehe ubaoni bandani, na mayai ya siku hizo yafukie, wala usiyapeleke jikoni kwako. Halafu punguza sababu ya kuhitaji dawa: chanjo ya mdondo na ya gumboro kwa ratiba, maranda makavu, vyombo vya maji vinavyooshwa kila siku, na mgeni asiingie bandani na viatu vyake. Dawa za kinga zinazotiwa kwenye maji kila mwezi bila ugonjwa, achana nazo. Na mteja akikuta trei hazipo, mwambie kuku wako kwenye dawa na umtajie siku ya kurudi.