"Troggin" kwa Kiswahili: bidhaa, mali, au vitu vya kutembeza?

SWALI: Natafsiri shairi la Robert Burns kutoka Kiskoti, ni kazi ya darasa la tafsiri. Kiitikio chake, "Buy braw troggin, frae the banks o' Dee", kinarudia neno "troggin", na kamusi niliyo nayo inasema maana yake ni bidhaa. Nikaandika "Nunueni bidhaa nzuri". Mwalimu akaupigia mstari mwekundu, akasema unasomeka kama tangazo la wizara. Je, bidhaa si sahihi? Na neno lenyewe lilitoka wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mwalimu wako ana haki, na kamusi yako haikukosea. Troggin ni bidhaa kweli, ila ni bidhaa za mtu wa aina moja tu: mchuuzi aendaye kwa miguu, furushi mgongoni, akipita nyumba hadi nyumba. Shehena ya meli haiitwi troggin, wala magunia ya shayiri ghalani. Kamusi ikikupa neno moja la Kiswahili kwa neno la Kiskoti, imekupa jamaa yake wa mbali; kumtafuta wa karibu ni kazi yako mfasiri.

Tuanze na asili. Kiskoti si Kigaeli, kosa ambalo wengi hulifanya. Ni ndugu wa Kiingereza, na sehemu ya msamiati wake wa biashara ilipitia mlango wa Kifaransa. Wafaransa wana kitenzi troquer, kubadilishana kitu kwa kitu. Waskoti wana troke, wengine hutamka trock: kubadilishana, kupatana bei, hata kuwa na shughuli na fulani. Trokes ni vitu vidogo vidogo visivyo na thamani kubwa, vikorokoro. Kusini-magharibi mwa Uskoti, pande za Galloway na Dumfries, k ya mwisho ililainika ikawa g: trog ni kitenzi, trogger ni mtendaji, na troggin ndiyo hiyo yako. Kile -in cha mwisho ni kiambishi ambacho Kiingereza hukiandika -ing. Hugeuza kitenzi kuwa jina. Kwa hiyo kwa umbo lake troggin ni "kule kubadilishana", kisha jina likahama kutoka kwenye kitendo likakikalia kile kitu kinachobadilishwa.

Uhamaji wa namna hii si mgeni kwetu. Biashara imetokana na Kiarabu, bay' na shira', kuuza na kununua. Ni vitendo viwili vilivyogandana. Lakini sikiliza mama aliyetandika nyanya kando ya barabara wingu likitanda: "Jamani, mvua itanilowanishia biashara yangu!" Hapo halowani mtu anayeuza wala tendo la kuuza, zinalowa nyanya. Neno limefanya safari ileile ya troggin.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kiingereza kina truck yenye maana ya kubadilishana vitu, nayo ni ya ukoo huuhuu. Ndiyo iliyomo katika jina la sheria ya Uingereza ya mwaka 1831 iliyozuia waajiri kuwalipa wafanyakazi kwa bidhaa badala ya fedha. Truck ya lori ni neno jingine kabisa. Ukikutana na la kwanza ukalitafsiri kama la pili, utampakia mchuuzi wa karne ya 18 kwenye Isuzu.

Sasa bidhaa. Asili yake ni Kiarabu bidaa, ambapo d ni ile nzito ambayo kwetu huwa dh, kama katika ardhi na dhamana, na ain, herufi ya Kiarabu inayotoka kooni, imetoweka ikituachia irabu mbili, kama ilivyotoweka katika saa na jamaa. Ndiyo maana tunaandika bidhaa kwa a mbili. "Bidha" na "bithaa" ni makosa. Mzizi wake una maana ya kukata. Wanakamusi wa Kiarabu hueleza kwamba bidaa ni kipande cha mali kilichokatwa na kutengwa kwa ajili ya kufanyia biashara. Waliosoma Sura Yusuf wanalikumbuka: msafara uliomtoa Yusuf kisimani ulimficha kama bidhaa, na baadaye ndugu zake walifika Misri na bidhaa hafifu wakitaka wapimiwe nafaka. Kwa hiyo neno hili nalo lilijua kubadilishana kitu kwa kitu, na kwa asili halina kasoro kwa kazi yako.

Kasoro yake ni ya leo. Neno limevaa suti. Tunalisikia katika bidhaa za viwandani, ushuru wa bidhaa, mfumuko wa bei za bidhaa. Anayelitamka ni msomaji wa habari, afisa wa forodha, mwalimu wa uchumi. Muuzaji mwenyewe halitamki akiwa kazini. Pita Kariakoo au Gikomba usikilize wanavyoita wateja: hutasikia mtu akipiga kelele "bidhaa! bidhaa!" Utasikia jina la kitu, au "vitu vizuri", au "mzigo mpya umeingia", au "mali safi, mali mpya, shika mali!" Na katika shairi lako anayezungumza ni trogger mwenyewe. Kiitikio ni mwito wake wa barabarani. Hapo ndipo mstari wako ulipovunjika.

Mali, basi, ndilo jibu langu, na si kwa sababu ya kelele za sokoni peke yake. Kiswahili kinapotaja biashara isiyo na fedha husema mali kwa mali. Nchini Kenya kuna wachuuzi ambao watu wamewabandika jina hilohilo, malimali, na kazi yao ni troggin tupu. Mtu amejitwika mabeseni, ndoo za plastiki na sufuria. Anaingia mtaani akiita. Mama anatoka na suruali mbili na koti kuukuu. Mchuuzi anageuza kola ya koti aone ilivyochakaa, anavuta zipu ya suruali juu na chini, kisha anamsogezea beseni dogo. Mama analisukuma kando kwa mguu, anaonyesha lile kubwa la bluu. "Ongeza shati, mama." Shati linatafutwa. Hakuna hata shilingi iliyopita mkononi. Nawe ukumbuke kwamba jina trogger huko Galloway lilishikamana pia na wachuuzi waliovuka bahari kutoka Ireland wakikusanya nguo kuukuu. Ni mara chache mfasiri kuokota neno linalobeba kubadilishana, kutembea na nguo za zamani kwa pamoja.

Utashawishika kuandika mitumba. Neno hilo nalo lina historia tamu: zamani mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya kubebwa na mpagazi wa msafara, uzito wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 kwa kukadiria. Ni furushi la mchuuzi hasa! Lakini msomaji wa leo akiona mitumba anaona marobota ya nguo kutoka Ulaya na Marekani, na kontena bandarini. Historia ya neno haikusaidii ikiwa msomaji haibebi kichwani. Machinga lina tatizo hilohilo la kumrudisha msomaji mjini Dar es Salaam, na hawka ni la mabishano na askari wa jiji. Kwa trogger, mimi ningeandika mchuuzi, au mtembeza mali. Kitenzi kutembeza ni chetu cha zamani kwa kazi hii: anatembeza kanga, anatembeza samaki. Tena kina miguu ndani yake.

Nisingesahau shairi lenyewe, maana lina mitego mitatu minne ambayo neno moja halitakuokoa nayo. Burns alilitunga mwaka 1796, mwaka aliofariki, kwa ajili ya uchaguzi wa Kirkcudbright, pande zilezile za Galloway, akimpigia debe mgombea Patrick Heron. Vitu vilivyomo furushini si sindano na utepe. Ni sifa, heshima na dhamiri za wapinzani wa Heron, kila moja ikinadiwa kwa bei ya dhihaka. Mchuuzi anaonyesha dhamiri safi inayomfaa hata mwana wa mfalme, kisha anasema haijapata kuvaliwa. Utani wote umekaa kwenye kitenzi hicho cha mwisho. Muuza nguo husifu vazi kwamba halijavaliwa. Dhamiri isiyovaliwa ni ya mtu asiyeitumia. Kwa bahati njema kuvaa kwa Kiswahili kunabeba utani huo bila kusukumwa. Usiandike "haijatumika", utauua.

Sifa za bwana mkubwa mmoja zinauzwa kwa "auld sang". Neno kwa neno ni wimbo wa kale, lakini ni nahau: bei ya kutupa. Hapohapo mchuuzi ananong'ona kwamba inadhaniwa "gudes" hizo ziliibwa. Gudes ni neno pana la Kiskoti, bidhaa au mali kwa ujumla, na Kiswahili kina msemo uliokwisha kuiva: mali ya wizi. Polisi husema hivyo, na majirani husema hivyo. Bidhaa huandamana na magendo zaidi. Unaona mali inavyozidi kukulipa. Kuna neno la tatu la Kiskoti, gear, ambalo pia huangukia kwenye mali, lakini kwa maana ya utajiri aliojikusanyia mtu. Ukija kutafsiri mashairi mengine ya Burns utakutana nalo, nalo lipe "mali" bila woga, ila angalia yasigongane katika beti moja na troggin.

Mto Dee wa kwenye kiitikio ni ule unaopita Kirkcudbright na kumwagika katika ghuba ya Solway. Usimchoree msomaji ramani ya Aberdeen, ambako kuna Dee nyingine maarufu zaidi. Nao ufuo huo wa Solway ulijaa magendo, jambo ambalo Burns alilijua kwa kazi: tangu mwaka 1789 alikuwa ofisa wa ushuru. "Braw" ni nzuri, ya kupendeza. Kinywani mwa muuzaji ni "safi".

Kwa kuwa kiitikio kinaimbwa, nilijaribu kukitia katika mizani (silabi) nane kwa nane, vina vyote -ni:

Mali safi nunueni, itokayo Dee mtoni,
Mwataka mali? Njooni, mzigo u mgongoni.

"Mgongoni" haimo katika Kiskoti. Nimeiingiza kwa makusudi, kwa sababu troggin imebeba furushi ndani yake na mali haikubeba. Kilichopotea katika neno kimerudishwa mwisho wa mstari. Dee ihesabu mizani moja, itamkwe "Di". Ile m ya mtoni, ya mzigo na ya mgongoni kila moja ni mizani yake, kama kawaida ya ushairi wetu. Ukiifuta m moja mstari utachechemea.

Na nimeandika "itokayo", sikuandika "yatokayo". Mali iko katika ngeli ya i-/zi-: mali hii, mali hizi, mali nyingi. Wengi hudanganywa na ma- ya mwanzo wakadhani ni wingi, ndipo unaposikia "mali mengi" na "mali haya". Katika mazungumzo yanapita, katika tafsiri ya darasani yatakupotezea alama. Ile ma- ni sehemu ya neno la Kiarabu mal. Hakuna umoja wake "li". Bidhaa nayo ni ya ngeli hiyohiyo, bidhaa hii, bidhaa hizi. "Mabidhaa" haipo.

Kwenye kichwa cha shairi unaweza kuliacha neno troggin lilivyo, na chini ya ukurasa ukaandika: mali ya mchuuzi wa miguu, ya kuuza au kubadilishana. Ndani ya beti liondoe.