Ligi ya vigari vya umeme: anzeni na zamu za njia

Kaka, umesema klabu yenu ya vigari vya umeme hapo Malindi, vile vidogo vya mezani vinavyofuata mfereji na kupata umeme kwenye reli zake, ina njia nne, na mbio haziishi bila ugomvi: huyu ana mota kali, yule kapewa njia nzuri. Anzeni na njia. Ya ndani na ya nje hazina kona sawa, kwa hiyo kila dereva apite zote nne, tuseme dakika 3 kila moja, kisha mizunguko ijumlishwe. Bila hivyo mshindi wenu hatakuwa mshindi wa haki, na vijana watakata tamaa.

Asiye na zamu asimame konani, na gari likichomoka, alirudishe kwenye mfereji wake ule ule.

Kwa magari, chagueni kipimo kimoja. 1:32, yaani gari dogo mara 32 kuliko la kweli, kinatosha meza ya kawaida. Halafu amueni suala la sumaku. Ile ya chini ya gari huvutwa na reli za chuma, gari likashika kona kwa kasi ambayo lisilo nayo lingeruka. Wote waweke au wote watoe. Mota ziwe za klabu, za aina moja, zigawiwe kwa kura asubuhi ya mbio.

Na hewa yenu ya chumvi! Futeni reli kabla ya kuanza, maana kutu huweza kukata umeme kwenye njia moja tu, lawama zikarudi upya.

Msimu uwe na mbio sita, kila mtu afutiwe matokeo yake mabaya zaidi. Wenye kazi za hoteli watakosa siku. Kanuni zisibadilishwe katikati ya msimu.