Kabla hujatuma kiraka chako cha hwmon

Jioni nzima nimepitia viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, vya vijana wetu wapya, nikafunga kompyuta kabla sijaandika maneno ya kunikosesha marafiki. Ni draiva za vihisi vya joto, zote, za hwmon, ile sehemu ya Linux inayosoma joto, volti na kadhalika, na makosa ni yale yale tuliyofanya sisi. Nawapenda, ndiyo maana naandika hapa badala ya kumjibu mmoja mmoja. Kila mtu atajijua.

1. Fungua `lm75.c` kwanza, draiva ya kihisi cha joto cha LM75 iliyomo tayari kwenye Linux. Huenda chipu yako ni ndugu wa LM75: TMP75, ADT75, DS75 na wengine chungu nzima wanaishi humo humo. Mwenzenu mmoja ameleta faili zima kwa ajili ya chipu ambayo ilihitaji tu kuongezwa jina kwenye jedwali. Sikucheka. Haya, nilicheka kidogo.

2. Vipimo havina mjadala. Joto ni sehemu za elfu moja za digrii, volti ni milivolti, mkondo ni miliampea, nguvu ni maikrowati. Faili la joto, `temp1_input`, likisoma 27 mezani kwako, umeitangazia dunia kwamba mashine inakaribia kuganda. Rizista za kugawa volti zilizo nje ya chipu ziache. Hizo ni kazi ya mstari wa `compute` kwenye `sensors3.conf`, faili la mipangilio la lm_sensors, programu ya kusomea vihisi.

3. Namba hasi. Hapa mniruhusu nikae.

LM75 huweka joto kwenye rejista 0x00, kijisehemu cha kumbukumbu ndani ya chipu, baiti nzito ikitangulia. SMBus, lugha ya kuzungumza na chipu, hutanguliza baiti nyepesi, ndiyo maana tuna `i2c_smbus_read_word_swapped`. Ukisahau kugeuza, digrii 25 kamili, yaani 0x1900, inakuwa 0x0019, na ukihesabu kwa biti tisa unapata sifuri. Chumba kikipanda nusu digrii, 0x1980 inakuwa 0x8019 na unaambiwa hasi 127.5. Kosa hilo lina heri, kwa sababu linapiga kelele siku ile ile.

Langu lilikaa kimya. Niliandika draiva ya bodi ya kufuatilia chumba baridi cha minofu ya sangara, Mwanza. Nikasoma rejista, nikaiweka kwenye `u16`, aina ya namba ya biti 16, nikazidisha kwa elfu, nikagawanya kwa 256. Mezani inasoma 26. Nikiibana kwa kidole inapanda taratibu. Hata kwenye friji ya nyumbani niliiingiza, kando ya maziwa, ikasoma 4. Nikajiona nimemaliza. Bodi ikafungwa, nikarudi zangu Dar.

Usiku bodi ikamtumia mwenye chumba ujumbe: joto 238. Akanipigia. "Mhandisi, samaki wangu wameiva au wameshaungua?" Nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu kwamba kihisi kimekufa, fundi abadilishe. Fundi akabadilisha. 238. Nikasema basi waya umeingia unyevu. Akatandaza waya mpya ndani ya baridi ile, vidole vikimfa ganzi, kwa sababu tu mimi nimesema. 238. Nikahamia kwa muuza vihisi, nikamsema vibaya mtu wa watu kwamba anauza mali feki.

Fundi yule ni mtu mzima, na hajawahi kuandika mstari hata mmoja wa C. Alinipigia yeye mwenyewe. "Mdogo wangu, vihisi vyote viharibike kwa namba moja? Kipimajoto changu cha ukutani kinasema kumi na nane chini ya sifuri. Hebu jumlisha 238 yako na 18 yangu."

Nikajumlisha. 256. Nikanyamaza mpaka akauliza kama simu imekatika.

Rejista ilikuwa inasema 0xEE00. Ukiisoma kama `s16`, yenye alama ya hasi, ni hasi 18; ukiisoma kama `u16`, isiyo na alama, ni 238. Herufi moja. Nikabadili, halafu nikamwambia fundi kwamba "nimeboresha programu kidogo". Samahani ya vidole vyake sikumpa siku ile, na hiyo inanichoma kuliko herufi yenyewe. Leo nimeikuta `u16` ile ile kwenye viraka vyenu, nikasikia tena sauti ya yule mzee.

Mkiwa hapo hapo: `DIV_ROUND_CLOSEST`, makro ya kugawanya na kukadiria, haina dhamana ikiwa kigawanywa ni hasi na kigawanyo ni cha aina isiyo na alama.

4. Huna chumba baridi? Pakia `i2c-stub`, moduli inayojifanya chipu, na `chip_addr=0x48`, jaza rejista kwa `i2cset`, kisha andika jina la chipu na 0x48 kwenye `new_device`. Ukijaza kwa `w`, yaani baiti mbili kwa pamoja, geuza baiti: hasi 18 ni 0x00ee, hasi 55 ni 0x00c9. Ni kazi ya kunywea chai moja. Laiti ningeinywa.

5. Mtu akiandika namba ya ajabu kwenye `temp1_max`, faili la kikomo cha juu cha joto, usimrudishie kosa. Ibane ndani ya mipaka kwa `clamp_val`, na uibane kabla hujazidisha.

6. `detect`, kazi ya draiva kujitafutia chipu yenyewe, usiiguse bila sababu. I2C, waya zinazounganisha chipu hizi, haina njia salama ya kuuliza nani yuko pale. Upekuzi wa lm_sensors uliwahi kuvuruga EEPROM (chipu za kumbukumbu) za 24RF08 kwenye baadhi ya ThinkPad, na mashine zikagoma kuwaka. Ndiyo maana anwani zinazoruhusiwa kupekuliwa ni chache: 0x18 hadi 0x1f, 0x28 hadi 0x2f, 0x48 hadi 0x4f, halafu 0x58, 0x5c, 0x73 na 0x77. Aliyebandika chipu kwenye bodi yake anajua ameibandika wapi. Aandike kwenye devicetree, faili linaloeleza vifaa vilivyo kwenye bodi.

7. Kusajili kifaa tumia `devm_hwmon_device_register_with_info`, ile ya zamani mnayoinakili kutoka draiva za kale waachieni wazee. Andika faili la maelezo la `.rst`, liingize kwenye `index.rst`, pitisha kikaguzi cha viraka, `checkpatch.pl --strict`. Msimamizi akikujibu kwa mistari miwili mikavu hajakukasirikia, ana foleni. Toleo la pili liandikwe v2, na ulichobadili kikae chini ya mstari wa `---`.